Sentensi Aliyoipenda Mama

Enzi zetu hakuna mtoto aliyeiuliza simu sentensi. Sentensi ulikuwa unaitoa kichwani, na kama kichwani hamna kitu, ulitoa machozi. Wenzangu mliosoma miaka hiyo mnanielewa. Mnakumbuka daftari lililofunikwa kwa gazeti, gundi yenyewe ikiwa ugali wa jana. Mnakumbuka kalamu iliyovuja mfukoni ikaacha doa la bluu kwenye shati, na mama akilisugua kwa ndimu huku akikuuliza kama unadhani mashati yanaota shambani. Mnakumbuka kati, tulivyorushiana mpira wa makaratasi uliofungwa kwa katani mpaka kengele ilie, na blada, ile mipira ya tairi tuliyoiunganisha tukaruka hadi magoti yakauma. Mnakumbuka githeri ya saa saba, mahindi magumu mpaka unadhani unatafuna vifungo vya koti.

Mimi pia nakumbuka. Watu wa rika langu tukikutana siku hizi ni kujisifu tu. Sisi tulisoma. Sisi tulijua Kiingereza cha kweli. Hawa watoto wa leo, ukiwaambia waandike mistari mitano, wanauliza simu iko wapi. Nimejisifu nanyi mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Leo nimechoka. Leo nataka kuandika nilichokifanya na hicho Kiingereza cha kweli. Na mkiona nina hasira, msiulize ni ya nani. Mwenye makosa ndiye anayeandika.

Nyumbani kwetu ni juu milimani upande wa Kangundo, kahawa huku, maparachichi huku, na mashamba yamekatwa mitaro mpaka kwa mbali yanaonekana kama ngazi. Mama alikuwa hajasoma. Alijua kuandika jina lake, basi. Lakini alikuwa amekata shauri kwamba mimi, Mumbua wake, nitasoma mpaka Kiingereza kiishe. Kwa hivyo nilipoingia darasa la sita alinipeleka mjini nikaishi na dada yake mdogo, aunti aliyekuwa fundi wa nguo, ili nisome shule yenye sifa. Jumapili jioni nilishuka na furushi la mbaazi na parachichi, Ijumaa jioni nikapanda mlima kurudi. Shule ile nzima hakuna aliyemjua mama yangu. Shikeni hilo, ndilo lililonisaidia kufanya nilichofanya.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Madam Sentensi, si mbele yake. Alikuwa mwembamba, mwenye viatu vya kisigino ambavyo ulivisikia kuanzia ofisini, na ukivisikia, Kikamba chote kilikufa mdomoni. Maana ukishikwa ukiongea Kikamba ulivalishwa diski, kile kipande cha ubao chenye kamba, ukatembea nacho shingoni kama ng'ombe wa maonyesho hadi umshike mwenzako naye. Mtoto aliyevalishwa diski alikuwa mpelelezi hatari. Alikufuata hata chooni akingoja ukanyage jiwe useme "aiya!"

Kila Jumatatu Madam aliandika freizi ya wiki, kifungu cha maneno ya Kiingereza, pembeni mwa ubao, kwa chaki nyekundu, akaizungushia boksi. Hakuna aliyeruhusiwa kuifuta mpaka Ijumaa. Kila mtu alitakiwa aandike sentensi tano kwa hiyo freizi, sentensi zake mwenyewe, na zaidi ya hapo uitumie kwa mdomo mahali inapofaa. Ukiitumia sawasawa mbele ya watu, sentensi yako iliandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa nyuma ya mlango, na jina lako chini. Hiyo manila, jamani! Nilikuwa tayari kukosa chakula cha mchana kwa sababu ya hiyo manila.

Wiki moja freizi ikawa "on behalf of". Kwa niaba ya. Leo unaisikia kwenye kila mazishi na kila harusi, lakini sisi ilitutoa jasho. Kioko, aliyekaa nyuma yangu, aliandika kwamba alikula githeri on behalf of mbuzi wao. Madam akamwuliza kama mbuzi ndiye aliyemtuma. Kioko akajibu, "Hapana Madam, lakini alikuwa amelala." Tulicheka mpaka tukaambiwa tupige magoti. Mimi sikuwa Kioko. Mimi sentensi zangu zilikuwa nne tayari kufikia Jumanne, safi, na ya tano niliipata nyumbani kwa aunti.

Ilikuwa hivi. Ijumaa hiyo wazazi wangekuja kuangalia madaftari. Mama alikuwa ametuma neno kwamba hawezi, siku hiyo ni ya mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni ule mkusanyiko wa kina mama wa kijiji wanaochimbiana mitaro, leo shamba la huyu, kesho la yule, na ukikosa siku yako bila sababu kubwa unaongezewa siku za kuchimba. Kwa hivyo aunti angekuja badala yake. Nilifurahi, tena sana. Aunti alikuwa na mkoba mwekundu na blauzi yenye kola ya lesi. Nikaandika sentensi ya tano kwa mwandiko mzuri: "She has come on behalf of my mother." Amekuja kwa niaba ya mama yangu. Nikaikariri. Nikaiona kwenye manila kabla haijaandikwa.

Ijumaa ikafika. Wazazi wakaingia darasani wakakaa kwenye madawati yetu madogo, magoti yamepanda juu. Mama yake Faith, msichana niliyekaa naye, alikuwa amepaka rangi ya mdomo na ananukia sabuni ya kuogea. Mimi nilikuwa natazama mlango nikingoja mkoba mwekundu. Nilichokiona kwanza ni miguu.

Miguu ya mama. Udongo mwekundu ulikuwa umempanda mpaka karibu na goti, mwingine umekauka na kupasuka, mwingine bado mbichi. Leso kiunoni, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Jembe alikuwa ameliacha kwa mlinzi wa lango, nilijua baadaye. Mtoto wa aunti alikuwa ameshikwa na homa asubuhi, neno likamfikia mama akiwa kwenye mtaro, na mama akaacha mwethya katikati, akashuka mlima mbio ili mtoto wake asikose mtu. Alisimama mlangoni akitafuta uso wangu, na alipouona akatabasamu, jasho linamtiririka.

Madam Sentensi akamtazama juu mpaka chini. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, huyu ni nani, Mumbua?

Sikufikiri. Watu hupenda kusema walifikiri sana kabla ya kufanya ubaya. Mimi sikufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa tayari kwenye daftari. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema kwa sauti: "She is our neighbour. She has come on behalf of my mother."

Madam akapiga makofi. "Very good, Mumbua! Class?" Darasa likapiga makofi. Wazazi wakapiga makofi. Na mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na udongo wake, asiyeelewa nilichosema, akaona mwalimu anamsifu mtoto wake, akapiga makofi kuwashinda wote.

Sentensi iliandikwa kwenye manila papo hapo, jina langu chini. Kabla ya kutoka mama aliisogelea, akaigusa kwa kidole, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani asichoweza kununua.

Langoni, alipokuwa akichukua jembe lake, akaniuliza, "Ulisema nini mpaka mwalimu akafurahi hivyo?"

"Nilisema huyu ndiye mama yangu," nikamjibu.

"Kwa Kizungu?"

"Ii, Mwaitu." Ndiyo, Mama.

"Hebu nifundishe."

Na mimi, jamani, nikamfundisha. Pale pale langoni. Alirudia mara nane ama tisa mpaka ikamkaa: "Si asi kamu oni mbiavu ovu mai matha." Hilo "matha" alilijua ni mama, akalitia nguvu. Akapanda mlima akiisema. Mwethya wakamwongezea siku mbili za kuchimba kwa kuondoka bila ruhusa, na jirani zake walisema baadaye alichimba siku zote mbili akiwaimbia hiyo sentensi.

Ningemwambia lini? Niambieni. Jumapili hiyo hiyo, kabla sijashuka mjini, alikuwa ameshaisema kanisani. Nilipofaulu kwenda sekondari aliisema mbele ya wageni. Alienda nayo soko la Tala, akimwuzia mtu parachichi anamwambia, "Mtoto wangu alisema hivi mbele ya wazazi wote, akiwa mdogo hivi." Waliojua Kiingereza walitabasamu wakalipa wakaenda. Siku ya ntheo yangu, ile sherehe ya mahari, upande wa bwana walipoleta mbuzi, mama alisimama na glasi ya soda, akasema ana neno moja tu la Kizungu kuhusu huyu mtoto. Akalisema lote. Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Alinitazama mara moja, kisha akaitazama soda yake kwa muda mrefu. Hajawahi kulitaja. Kila nikimwandalia chai naliona lile jicho.

Nilijiambia haina madhara. Ni furaha yake, niiharibu ya nini? Nilijiona mwenye huruma! Huo ulikuwa woga tu, nami nikauita huruma.

Sasa mama anaishi nasi hapa, magoti yake yamekataa mlima. Mimi ninauza nguo za watoto za mitumba pale Tala. Binti yangu Mutheu yuko Gredi ya Tano, na kama watoto wote wa sasa, kazi ya nyumbani anaifanya na simu yangu mkononi. Nimeshamfokea mpaka nimechoka. Wiki iliyopita akaja na daftari, mwalimu amewapa freizi. Mnajua ni ipi. Sikuamini. Nikamwambia, "Simu leta hapa. Andika kutoka kichwani kama tulivyoandika sisi. Mimi wakati wako nilikuwa nabandikwa ukutani!"

Nilisema hivyo. Mdomo huu huu.

Jua lilikuwa bado halijashuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akiambua mbaazi, Mutheu chini kwenye mkeka, mimi nikipanga sweta. Nikawasikia wakinong'ona na kucheka. Kisha Mutheu akasema, "Mum, nimemaliza! Ya mwisho nimepewa na susu. Amesema ni yako."

Susu ni nyanya, kwetu. Akaisoma, kwa Kiingereza chao hiki cha katuni, kinachotoka puani: "She has come on behalf of my mother."

Mikono yangu ikasimama kwenye sweta.

"Lakini Mum," akaendelea, "nani alikuja?"

"Ni mimi nilikuja," mama akasema. "Nilitoka kwenye mtaro nikiwa na udongo hadi hapa."

"Hapana, susu. Hii inamaanisha amekuja kwa niaba ya mama yangu. Kama ni wewe ulikuja, si ungekuwa mama mwenyewe? Basi alikuja nani?"

Nilimrukia. Nililinyakua daftari nikaurarua ule ukurasa wa sentensi ya mwisho, nikaukunja, nikamfokea mtoto kwamba anajifanya mjuaji, mtoto akaangua kilio. Nilimliza mtoto wa miaka kumi kwa kosa la miaka mingi kabla hajazaliwa. Na mama akanitazama tu. Hakumtazama Mutheu. Alinitazama mimi na karatasi mkononi mwangu, na nikaona anaelewa.

"Nilikuwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa Kikamba. Kwa lugha nyingine ningejificha tena. "Nilisema wewe ni jirani, Mwaitu."

"Jirani yupi?"

"Hakuna yeyote. Jirani tu."

Akaambua ganda moja la mbaazi, akaziangusha punje kwenye ungo. "Na mwalimu akapiga makofi."

"Ii."

"Na mimi nikapiga."

Akachukua ganda jingine la mbaazi.

"Baba mkwe wako amesomesha watoto maisha yake yote. Alisikia?"

"Alisikia."

"Mchungaji?"

Akaweka ungo chini. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, taratibu, kama anayewaita majina darasani. Yule daktari wa mifugo. Mwenye duka la dawa. Mwalimu wa watoto kanisani. Wale wasichana wa chuo walionunua kwake maparachichi. Wote aliowahi kuwaambia, wote waliojua maana wakamwacha aendelee. Alipofika mwisho akainuka kwa kushika mlango, akasema anaenda kuwapa mbuzi majani. Mbuzi walikuwa wameshapewa.

Nilimwomba msamaha nyuma ya banda, nikiwa nimepiga magoti kwenye mavi ya mbuzi. Alisema, "Simama, utachafua nguo." Akarudi kwenye ungo wake.

Alhamisi wazazi wa Gredi ya Tano waliitwa shuleni. Tulikuwa tumepanga mama aende badala yangu, maana siku hiyo nilikuwa nafungua mzigo mpya wa nguo. Nikamwambia nitafunga kibanda niende mwenyewe. Akakataa. "Ulimwambia mwalimu nakuja. Nitaenda." Asubuhi nikamkuta kwenye karai, anasugua miguu kwa jiwe. Alisugua visigino mpaka vikawa vyeupe, akapaka mafuta, akasugua tena. Ndugu zangu, mama yangu hakuwahi kuionea haya miguu yake maishani. Alikanyaga kanisa nayo, soko nayo, nyumba za watu nayo. Mimi ndiye niliyempa hiyo aibu, akiwa na umri huo.

Sikuweza kukaa Tala. Nilimwachia mwenzangu nguo nikaenda, nikasimama nje ya darasa kando ya mlango. Mwalimu wao ni kijana, kavaa raba. Mama alikuwa kwenye kiti cha mwisho, miguu ameivuta chini ya kiti, amekunja hata vidole. Kijana akafika kwao. "Mutheu, umekuja na nani?"

Freizi ilikuwa ubaoni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Sentensi ilikuwa inamngoja mtoto, safari hii ya kweli kabisa. Nikashika fremu ya mlango.

"Huyu ni susu yangu," Mutheu akasema, huku akichezea zipu ya sweta. "Mum ako Tala, ako na kazi. Susu anajua kupanda mbaazi zikatoka hata bila mvua mingi. Ticha, unaeza kuja uone."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alisema tu, "Karibu, susu," akaandika kitu kwenye kitabu chake. Na nikaiona miguu ya mama inatoka chini ya kiti, mmoja, kisha wa pili, ikakaa mbele ya watu.

Ndipo Mutheu akaniona. "Ah, kumbe Mum naye amekuja!" Kila mtu akageuka. Nilikuwa na vumbi la mitumba kichwani na nyuzi nguo nzima. Mwalimu akauliza, "Na huyu ni nani?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshajibu, bila kugeuza shingo.

"Huyu? Huyu ni mtoto wangu."

Basi. Hayo ndiyo makubwa niliyonayo ya enzi zetu. Mkitaka, endeleeni kusema watoto wa sasa hawajui Kiingereza. Wangu hajui, ni kweli. Sentensi zake nne za freizi zilirudi na kosa moja moja, ya tano haikuwepo kwa sababu niliirarua. Mimi zangu zilikuwa tano kwa tano.

Mama ananisemesha vizuri. Ananiuliza kama soko lilikuwa zuri, ananiwekea chakula. Jioni anakaa pale pale mlangoni na ungo wake. Zamani wageni wakija, kabla hata hawajakaa, angeshaanza, "Si asi kamu..." nami ningekimbilia jikoni nisisikie. Jumapili walikuja wageni wawili kutoka kanisani, nikajikuta nimesimama jikoni na birika mkononi, nikingoja. Aliwauliza habari za mvua. Akawauliza habari za watoto. Walikaa mpaka chai ikaisha, na hakuisema.